Mwendesha Mtambo na Mtambo Ujiendeshao

Ye yote katika wanachama wetu aliyepata kusimama penye kinu cha kukobolea kahawa, au penye mashine ya kuchambulia pamba, amemwona mtu yule ambaye wote humgeukia mashine inapobadili sauti. Hana cheo kikubwa, na aghalabu hakukaa sana shuleni. Lakini akiinamisha sikio, akashika chuma kwa kiganja, kisha akazungusha gurudumu robo mzunguko, kazi hurudi sawasawa. Ukimwuliza amejuaje, atasema kwamba amesikia tu. Kitabu cha ukumbusho kama hiki hujaa hesabu za magunia na picha za wenyeviti, nayo ni haki yao. Lakini ukurasa huu tumeutenga kwa ajili ya mtu yule wa mashine, na kwa ajili ya swali ambalo wataalamu wa nchi mbalimbali wamelishughulikia kwa muda wa miaka mia moja: Je, ujuzi wake waweza kutolewa kichwani mwake ukatiwa ndani ya chombo, hata chombo kikafanya kazi peke yake? Mmoja wa watu waliolijibu swali hili kwa namna iliyowashangaza wengi alizaliwa katika nchi hii yetu ya Tanzania.

Habari zenyewe zaanzia baharini. Nicolas Minorsky alizaliwa Urusi mwaka 1885, akawa mhandisi wa jeshi la wanamaji la huko, kisha mwaka 1918 akahamia Marekani. Zama hizo watu walikuwa wakijaribu kuunda chombo cha kushika usukani wa meli bila mkono wa mtu. Njia iliyowajia wengi ilikuwa nyepesi: meli ikipotoka kidogo, usukani ugeuzwe kidogo, ikipotoka sana, ugeuzwe sana. Kumbe meli iliyoendeshwa hivyo hutangatanga. Ni nzito, na ikishaanza kugeuka haisimami papo hapo. Huipita njia yake ikaangukia upande wa pili, kisha hurudi, ikaipita tena.

Minorsky hakuanza na hesabu peke yake. Alimtazama mshika usukani mzoefu. Akaona kwamba mtu huyo hatazami tu ni kiasi gani meli imepotoka sasa. Hutazama pia yazidi kupotoka kwa kasi gani, na kwa hiyo huanza kuulegeza usukani kabla meli haijafika njiani, hata pengine huugeuza upande wa pili kidogo ili kuipokea. Tena, ikiwa upepo au mkondo waisukuma meli upande mmoja saa nzima, mshika usukani hulikumbuka jambo hilo, akauweka usukani umeelekea upande mmoja daima kidogo. Manahodha wetu wa majahazi hawahitaji kuambiwa haya. Jambo jipya lilikuwa kuyaandika. Katika makala aliyoitoa mwaka 1922 Minorsky aliyageuza mazoea hayo matatu kuwa hesabu: kosa lililopo sasa, jumla ya makosa yaliyopita, na kasi ya kosa linavyobadilika. Hata leo vidhibiti vingi mno viwandani, vya joto, vya presha, vya mafuriko ya maji katika mabomba, hufanya kazi kwa nguzo hizo tatu.

Chombo chake kilijaribiwa mwaka 1923 katika manowari ya Marekani iitwayo New Mexico. Sehemu ile ya tatu, ile ya kuangalia kasi, ilipoongezwa, meli ilishika njia kwa tofauti ya sehemu moja ya sita ya digrii tu, jambo ambalo washika usukani wengi hawakuliweza. Hata hivyo chombo kiliondolewa melini. Minorsky mwenyewe aliandika baadaye ya kwamba mabaharia walikipinga vikali. Hatuna budi kuliweka akilini neno hili. Watu walioshindwa na chombo walikuwa ndio hao hao waliomfundisha mwenye chombo, na hakuna aliyewauliza wangependa malipo gani ya mafundisho yao.

Vita Kuu ya Pili ilileta uchunguzi mkali zaidi. Sasa tatizo lilikuwa mpiga mzinga aifuataye ndege au kifaru kwa mkono wake, na wahandisi walitaka kujua mtu huyo ni mtambo wa namna gani, ili mzinga na mtu vilingane. Huko Cambridge alikuwapo Kenneth Craik, mtaalamu wa elimu ya akili, ambaye alionyesha kwamba mkono wa mtu haufuati shabaha bila kukatika, bali hurekebisha kwa vipande vipande, yapata mara 2 katika kila sekunde. Craik alifariki mwezi Mei 1945 katika ajali ya baiskeli, angali kijana, na maandiko yake juu ya jambo hili yalichapishwa baada ya kufa kwake. Mwingereza mwenziwe, mhandisi Arnold Tustin, alitoa mwaka 1947 hesabu za mtu ashikaye mpini wa mzinga. Aliona ya kwamba sehemu kubwa ya matendo yake yaweza kuelezwa kwa kanuni nyepesi. Lakini palikuwa na sehemu iliyobaki ambayo kanuni haikuieleza, naye akaipa jina la baki. Twapenda jina hilo kwa uaminifu wake.

Lakini mzinga si kiwanda. Mpiga mzinga hufanya jambo moja kwa nusu sekunde. Mtu wa tanuri hufungua vali sasa na kuona matokeo baada ya dakika kumi, au saa moja, au zamu nzima. Katikati hapo hufikiri, hukisia, hukumbuka siku nyingine iliyofanana na leo. Hesabu za mkono haziwezi kumpata mtu huyo. Katika miaka ya 1960 wachunguzi wachache wa Uingereza walianza kufanya jambo ambalo ni ajabu halikufanywa mapema: walimwomba mtu aseme. Beishon alikwenda kwa mwoka keki aliyesimamia tanuri za kiwanda, akamtaka anene kwa sauti yote yanayopita akilini mwake wakati wa kazi. Lisanne Bainbridge alifanya vivyo hivyo kwa kazi ya kugawa umeme katika tanuri za kuyeyushia chuma cha pua. Maneno yalirekodiwa, yakaandikwa, yakachambuliwa neno kwa neno. Ilionekana kwamba mtu huyo hana hesabu kichwani. Ana maneno: moto kidogo, bado kidogo, imezidi mno, ngoja kwanza.

Hapo ndipo anapoingia Ebrahim Mamdani. Alizaliwa mwaka 1942 katika nchi inayoitwa leo Tanzania, akasomeshwa India, na mwaka 1966 akaenda Uingereza. Alipata shahada yake ya udaktari katika Chuo cha Queen Mary cha Chuo Kikuu cha London, kisha akabaki hapo hapo kuwa mwalimu wa uhandisi wa umeme. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa na mwanafunzi aitwaye Sedrak Assilian, na katika maabara yao palikuwa na injini ndogo ya mvuke pamoja na boila lake. Kazi waliyoikusudia ilikuwa kuchunguza mashine inayojifunza, na jinsi mtu awezavyo kushirikiana nayo.

Injini ile ilikuwa mkaidi. Ina vitu viwili vya kushika, moto wa boila na vali ya kupitisha mvuke. Na vitu viwili vya kutunza, presha ya mvuke na mwendo wa injini. Kila kimoja humgusa mwenziwe. Ukifungua vali ili injini ikimbie, presha hushuka. Ukiongeza moto ili presha ipande, haipandi upesi, na ikishapanda haishuki upesi. Kidhibiti cha kawaida kilihitaji kurekebishwa tena na tena, kwa maana injini yenyewe haikukaa katika tabia moja.

Mwaka 1973 mtaalamu Lotfi Zadeh wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley alitoa makala iliyobadili mambo. Zadeh, aliyezaliwa Baku mwaka 1921, alikuwa ameshatoa mwaka 1965 elimu mpya ya seti ambazo mipaka yake haikukatwa kwa kisu. Nasi tutaziita seti za fazi. Katika hesabu za kale, mtu ama ni mrefu ama si mrefu. Zadeh alisema mtu aweza kuwa mrefu kwa kadiri ya 0.7, na mwingine kwa kadiri ya 0.2, na hakuna ajabu. Wataalamu wengi walimcheka. Walidhani anataka kuhalalisha uvivu wa kupima. Katika makala ya 1973 alikwenda mbele zaidi: alionyesha ya kwamba maneno ya kawaida ya watu, kama vile “kubwa,” “ndogo,” “kubwa kiasi,” yaweza kuunganishwa kwa kanuni za “ikiwa” na “basi,” na kompyuta ikaweza kuzitumia.

Mamdani na Assilian waliichukua njia hiyo. Badala ya kuitafutia injini hesabu zake, waliandika jinsi mwendeshaji angesema: Ikiwa presha iko chini sana, na haibadiliki kwa haraka, basi ongeza moto kwa wingi. Ikiwa mwendo umepita kidogo na wazidi kupanda, basi punguza mvuke kidogo. Kanuni zote zilikuwa 24 tu: 15 za moto na 9 za vali. Mtu angeweza kuziandika katika karatasi moja na kuibandika ukutani.

Yafaa tueleze jinsi kompyuta inavyozitumia, maana hapo ndipo penye werevu wenyewe. Tuseme presha imepimwa, na kipimo hicho ni “chini sana” kwa kadiri ya 0.3 na “chini kidogo” kwa kadiri ya 0.7. Kanuni zote zinazotaja hali hizo mbili huamka kwa pamoja, ila kila moja huamka kwa kadiri yake. Kanuni yenye masharti mawili hupewa nguvu ya sharti lake lililo dhaifu zaidi. Ndipo mashauri yote hukusanywa, kama katika baraza ambalo kila mzee husikilizwa kwa kadiri neno lake linavyohusu shauri lililopo, na mwishowe hutolewa tendo moja: moto uongezwe kiasi hiki. Baada ya muda mfupi vipimo huchukuliwa tena, na baraza hukaa upya. Kwa sababu hakuna kanuni inayoanza au kukoma ghafula, mtambo nao haushtuki, bali hutoka hali moja kuingia nyingine pole pole, kama mkono wa mtu.

Matokeo yalitolewa mwaka 1974 na tena mwaka 1975. Waandishi wenyewe walikiri kwa uwazi kuwa kanuni zile za maneno zilifaulu kuliko walivyotazamia, hata ile nia yao ya kwanza, ya mashine ijifunzayo, wakaiweka kando na kueleza jaribio hili pekee. Sisi twaona ya kwamba hapo ndipo ulipo ukuu wa kazi yao. Wengi wakipata kitu wasichokitafuta hukitupa.

Injini ya maabara ni kichezeo. Wenye viwanda hawanunui kichezeo. Aliyekuwa na shida ya kweli ni mwenye tanuri ya saruji. Waliopita Wazo Hill karibu na Dar es Salaam, ambako kiwanda cha saruji kilianza kazi mwaka 1966, wanajua umbo la tanuri hiyo: bomba kubwa la chuma lililolazwa kwa mwinamo mdogo, likijizungusha taratibu. Unga wa mawe ya chokaa na udongo huingia juu, moto mkali huwaka chini, na penye moto huo mawe hufikia joto la digrii 1,450 hivi za Selsiasi ndipo yawe klinka. Joto likipungua, chokaa hubaki bila kuungana na saruji haifai. Likizidi, fueli hupotea bure na matofali ya ndani ya tanuri huharibika. Na hakuna mtu aliyefaulu kuiandikia tanuri hiyo hesabu kamili ya kuitawala. Kwa hiyo ilitawaliwa na mchomaji, aliyechungulia motoni kwa kioo cha rangi na kuamua kwa jicho.

Mwaka 1972 kilitoka kitabu cha Peray na Waddell juu ya tanuri hizo za kuzunguka, nacho kiliandikwa kwa ajili ya wachomaji wenyewe. Ndani yake zilikuwamo kanuni 27. Hesabu hiyo ina sababu yake. Mchomaji hutazama mambo matatu: joto la mahali pa kuchomea, joto la mwisho wa nyuma wa tanuri, na hewa ya oksijeni iliyobaki katika moshi. Kila moja laweza kuwa chini, au sawa, au juu; na tatu mara tatu mara tatu ni 27. Kwa kila hali kitabu kilisema la kufanya na sababu yake. Mtu asiyejua hushangaa kuona kwamba joto likiwa limeshuka mno, na hewa haitoshi, na nyuma pia pamepoa, mchomaji hakimbilii kuongeza fueli. Hupunguza mwendo wa tanuri, na fueli naye huipunguza, kwa kuwa kilicho haba ni hewa, na fueli isiyo na hewa haitoi joto lake. Joto likiwa limeshuka kidogo tu, hapo huongeza kasi ya feni kwanza, kisha fueli. Hii ndiyo hekima ya kazi, iliyopatikana kwa miaka mingi na kwa hasara nyingi.

Wahandisi wa kampuni ya F. L. Smidth ya Denmark, ambayo zama hizo iliunda mitambo ya saruji, walisoma habari za Mamdani, wakatambua kwamba kanuni alizozihitaji kompyuta zilikuwa zimekwisha andikwa. Holmblad na Østergaard walifanya majaribio katika tanuri ya kweli nchini Denmark mwaka 1978, na mwaka 1982 walitoa maelezo ya kazi hiyo. Kampuni ikaanza kuuza kidhibiti hicho. Hii ni miongoni mwa mara za kwanza kabisa kwa mantiki ya fazi kutoka chuoni na kulipwa fedha na watu wasio na haja ya nadharia. Japani nayo ilifuata upesi: reli ya chini ya ardhi ya mji wa Sendai ilipofunguliwa Julai 1987, magari yake yaliendeshwa kwa kanuni zilizotungwa na kampuni ya Hitachi kwa kufuata mazoea ya madereva wazoefu, hasa jinsi wanavyofunga breki bila kuwayumbisha abiria. Baada ya hapo zilikuja mashine za kufulia na kamera, na neno fazi likawa tangazo la biashara. Hayo tuyapite.

Mabishano hayakukosekana. Wataalamu wa hesabu walisema, na si bila haki, kwamba kidhibiti cha maneno hakina uthibitisho. Kwamba aliyeandika kanuni 24 hawezi kuapa ya kuwa hakuna hali ambayo zitampoteza. Wengine walisema kwamba kitu kile kile chaweza kufanywa kwa nguzo tatu za Minorsky zikirekebishwa vizuri. Kwa mtambo mwepesi ni kweli. Kwa tanuri ya saruji hoja hiyo haikuwa na nguvu, maana kabla ya hapo aliyeitawala tanuri hakuwa mwanahesabu bali mchomaji, naye pia hakuwa na uthibitisho.

Swali lililo zito zaidi liliulizwa na yule Bainbridge tuliyemtaja, aliyekuwa amekaa miaka mingi akisikiliza maneno ya waendesha mitambo. Mwaka 1983 aliandika makala fupi juu ya kinyume kilichomo katika mitambo ijiendeshayo. Mbunifu wa mtambo, alisema, humwona mtu kuwa dhaifu na mwenye makosa, kwa hiyo hutaka kumwondoa. Lakini yale asiyojua kuyaandikia kanuni humwachia mtu huyo huyo. Hivyo mtu hubakiwa na kazi mbili: kutazama mtambo usipokuwa na shida, na kuuokoa unaposhindwa. Ya kwanza haiwezekani, kwani ilikwisha onyeshwa kwamba mtu hawezi kukesha akitazama kitu kisichobadilika kwa zaidi ya nusu saa hivi. Ya pili yahitaji ustadi mkubwa kuliko ule wa kila siku, na ustadi hufifia usipotumiwa.

Aliongeza jambo ambalo kwa maoni yetu ndilo kiini. Mitambo ya wakati wake, alisema, ilikuwa ikitunzwa na watu waliopata kuiendesha kwa mkono kabla kompyuta haijaja. Hao walikuwa na hazina, na kompyuta ilikula hazina hiyo bila kuijaza. Watakapostaafu, watakuja vijana waliofunzwa kutazama kioo. Na kama kanuni 27 zilitoka vinywani mwa wachomaji, je, ya 28 itatoka kinywani mwa nani? Tanuri za leo hazichomi makaa peke yake. Nyingi huchoma matairi makuukuu, pumba na taka za namna namna, na kila fueli ina moto wake. Kanuni ya zamani huhitaji kusemwa upya, na wa kuisema ni mtu aliyeushika moto ule kwa mkono wake.

Mamdani aliendelea kufundisha Queen Mary mpaka mwaka 1995 alipohamia Imperial College, naye alifariki Januari 2010. Zadeh alifariki mwaka 2017. Mwanafunzi wa uhandisi po pote duniani afunguapo programu ya kuundia kidhibiti cha fazi huulizwa achague namna ya kukusanya mashauri ya kanuni, na katika majina atakayoyakuta mbele yake ni jina la Mamdani, kando ya lile la Mjapani Sugeno.

Kuhusu waendesha mitambo, Bainbridge alitoa shauri lililo wazi. Kila zamu, alisema, mtu apewe muda mfupi wa kuuendesha mtambo kwa mkono wake mwenyewe, kompyuta ikinyamaza. Na kama wakubwa wa kiwanda wataliona shauri hilo kuwa la kuchekesha, basi wajenge mtambo wa mfano ambao watu wao watafanyia mazoezi, na walipe gharama yake.